Bahari ya Chokaa Jang'ombe

Nimewahi kuandika humu, tena zaidi ya mara moja, kwamba sisi watu wa visiwani bahari ndiyo ua wa nyumba yetu. Leo nakiri jambo nililolikana tangu usichana wangu: naiogopa. Maji yakinifika magotini, moyo huanza kutafuta njia ya kurudi nchi kavu bila ya kunisubiri. Nimezaliwa Mji Mkongwe, dirisha langu linatazama bandari, nimesoma mpaka chuo kikuu, na sijawahi kuogelea. Kila nilipoalikwa kuingia nilisema nina mafua. Nimekuwa na mafua kwa muda mrefu sana. Mtu mmoja tu aliujua ukweli bila ya kuambiwa, naye amefariki Ijumaa iliyopita alfajiri, kwa presha. Ujumbe ulinifika nikiwa napiga pasi. Nikausoma, nikasema yanayosemwa, nikaendelea kupiga pasi. Nilipomaliza nguo zangu nikaanza vitambaa vya meza, ambavyo nyumbani kwetu havijapata kuona pasi. Nilikuwa nangoja huzuni ije. Haikuja, zilikuja nyuzi za vitambaa tu, zimenyooka.

Hatukuwa marafiki wa kutembeleana. Alikuwa mwalimu wa skuli ya msingi Jang'ombe, akisoma safu hii, na siku moja alinipigia simu kunialika nije kuzungumza na wanafunzi wake juu ya bahari za dunia. "Wewe unaandika sana bahari," alisema, na mimi nikachukulia ni sifa. Nilikwenda na kompyuta na picha za kuonyesha ukutani. Umeme ukakatika nikiwa bado kwenye utangulizi, na naamini darasa zima lilishukuru. Yeye hakuhangaika. Aliwatoa watoto nje, na hapo ndipo nikaona alichokifanya: kwenye sakafu ya uwanja mzima aliichora dunia kwa chokaa, mabara yamebaki saruji tupu, bahari zote nyeupe. Sharti lilikuwa moja. Watoto wavue viatu, wasimame ndani ya bahari, na mtu asikanyage bara.

"Mwalimu, huyu kanisukuma kaniingiza Aktiki!"

"Rudi upesi, kabla hujaganda."

Msichana mmoja aliyepangiwa Atlantiki alinuna. Alitaka kuhamia Bahari ya Hindi, "kwetu," akainua mguu kukatiza Afrika. "Wee! Zunguka," mwalimu akamwambia. Akazunguka, amebinua midomo, akapita chini kabisa ya bara akapanda upande wetu. Alipofika alisimama akatazama nyuma. "Mwalimu, Hindi imeanzia wapi? Mie sikuvuka kitu." "Umeona mstari?" "Sikuuona." "Basi na samaki hajauona." Mvulana aliyekuwa Pasifiki akauliza kama taka za mtaro wa Jang'ombe nazo hazioni mstari. Mwalimu akamwambia hazioni, na kwamba huenda ziko njiani zinakuja kwake. Mtoto yule akatazama miguu yake kama aliyeambiwa ana funza. Mwalimu mkuu alipotoka ofisini akasema wageni wanakuja wiki ijayo na uwanja umechafuliwa. "Haujachafuliwa, Mwalimu Mkuu," akajibu, "umefurika tu."

Lakini chokaa haikumtosha. Watoto wengi wa mitaa ile, bahari huiona kwa mbali wakipelekwa mjini sikukuu, na wasichana hata hilo ni la nadra. Wazee wao wengi walitoka bara, hawana shangazi wala bibi wa pwani wa kuwafundisha kukanyaga mwamba. Akataka awapeleke Kiwengwa, maji yakitoka, watembee pale pale ambapo bahari huwa, wawaone wanawake wanaolima mwani, washike kwa mikono. Safari ya kwanza nilikwenda nao, na tulifanya kosa ambalo nadhani ni sisi tu tungeweza kulifanya. Siku ilipangwa kwa ratiba ya skuli: Alhamisi, saa nne asubuhi, ili somo la hesabu lisiguswe. Tukafika, tukakuta bahari imejaa mpaka kwenye ukuta wa hoteli. Mwezi ulikuwa nusu, maji mafu, yasiyotoka mbali, na saa kama hiyo maji huwa yamejaa. Hapakuwa na mwamba wa kukanyaga wala mwani wa kuuona. Tulikula maandazi chini ya ukuta, tukarudi. Sisi, ambao kila mwaka tunanuniana ndugu kwa ndugu juu ya mwezi wa Idi umeonekana au haukuonekana, hapakuwa na hata mmoja aliyeutazama mwezi kabla ya kwenda pwani. Ndani ya basi, mwalimu alicheka mpaka akafuta macho kwa mtandio. Tangu hapo alimwambia mwalimu mkuu kuwa anataka siku mbili baada ya mwezi mpevu, bamvua, wakati ambapo saa nne hiyo hiyo maji huwa yametoka mbali, na hesabu ijitafutie siku nyengine. Ilijitafutia.

Safari ya pili wazazi walikubali watoto waingie majini, na namna walivyokubali ndiyo iliyoleta mtihani wa wiki hii. Alikwenda mlango kwa mlango. Aliahidi wasichana wataingia na nguo zao zote, upande wao, naye atakuwa mbele yao majini. Mimi alinipa kazi ya kulinda viatu. Alinipa bila ya kunitazama, kama anayempisha mgonjwa kwenye ngazi, na ndipo nilipojua kuwa anajua. Hakulisema siku ile wala siku nyengine.

Safari ya mwaka huu ilikuwa imepangwa bamvua hii, ambayo sasa imeangukia siku chache tu baada ya hitma yake. Matangani, siku ya tatu, wanaume wakiwa nje, nilikaa na wanawake juu ya mkeka, nikawa nahesabu maua ya pazia kwa kukosa la kuhisi. Pembeni yangu alikaa mama mmoja anayeuza chapati karibu na skuli, ambaye binti yake yuko katika darasa la safari hiyo. Nikamwambia nimesikia mwalimu mkuu anataka safari iahirishwe.

"Iahirishwe ndiyo," akasema. "Mie mwanangu nilimpa yeye. Skuli siijui."

"Skuli ni ile ile, dada."

"Skuli ni ukuta, Bi. Ukuta haumvuti mtoto akizama."

"Na mtoto mwenyewe anasemaje?"

"Huyo? Tangu juzi hali chakula vizuri. Kila magharibi yuko nje, anatazama mwezi umefika wapi. Nshamwambia, mwezi hauna mwalimu."

Nilijua, na yeye alijua, kwamba bamvua hii ikipita itakuja mitihani, kisha darasa lile litamaliza, na hapatakuwa na mtu wa kugonga milango upya. Kwetu jambo likiahirishwa huwa limeshazikwa, ila halijasomewa hitma. Siku ya pili nilimwendea mwalimu mkuu, nikitarajia kugombana naye. Ni rahisi kugombana kuliko kufiwa. Hakunipa nafasi. "Basi lipo, na siku nimeiacha wazi," alisema. "Lakini sitachukua watoto wa watu kwa ukimya. Wazazi waseme ndiyo." Nikarudi kwa muuza chapati. Aligeuza chapati, akasema, "Tutazungumza, Bi." Msomaji wa Unguja hahitaji kuelezwa maana ya tutazungumza.

Nimefikiri sana siku hizi, kwa ule ubaridi wa mtu anayeona mkono wake umekufa ganzi na kuutazama kama wa mtu mwengine. Tuna desturi ya kuwapenda watu kama yule. Tunawaita nguzo. Mimi mwenyewe nilishamwandika humu, nikamsifu kwa aya ndefu kuwa peke yake amewapeleka watoto wa Jang'ombe baharini. Nililiandika lile neno "peke yake" kwa furaha, kana kwamba ni pambo. Kidole kimoja hakivunji chawa, walisema wazee, na sisi tukikiona kidole kimoja kinajaribu, tunakipigia makofi badala ya kuongeza cha pili. Wazazi walimwamini yeye, mwalimu mkuu alimwachia yeye, mimi nilimsifu yeye, na kila mmoja wetu akarudi nyumbani na nguo kavu. Kisha moyo wa mtu mmoja ukachoka alfajiri, na kazi nzima ikalala naye ubavuni. Kama lipo la kujifunza, basi ni hili: anayetaka kumheshimu mtu wa namna ile amsaidie kubeba angali hai, sifa zije baadaye.

Hayo yote nilikuwa nimeshayaandika, nikaona safu imekwisha, na imekwisha vibaya. Jana baada ya alasiri simu ikalia. Namba sikuijua.

"Bi, ni mie, mama wa chapati."

"Naam, dada. Hujambo?"

"Sijambo. Tumezungumza."

Nikakaa kitako. Nyuma yake nilisikia sauti za wanawake, wengi, wanakatizana, na mmoja akicheka.

"Tumekubaliana watoto wanakwenda," akasema. "Wa kwangu na wa wenzangu, wote. Na sisi tunakwenda nao majini. Yule alikuwa mmoja, sisi tutashikana mikono."

Nikamshukuru, nadhani. Nikamuuliza nimwambie nini mwalimu mkuu.

"Mwambie basi lile halitutoshi. Atafute jengine kubwa."