Mzizi wa Upande wa Mashariki

Kwetu Mafia nilifundishwa kwamba mzizi wa dawa huchimbwa upande wa mashariki tu, tena mmoja, kisha shimo hufukiwa na kusawazishwa mpaka anayepita asijue. Bibi yangu alisema mti hauachwi na kidonda wazi. Nilijivunia sana adabu hiyo.

Watu wa hifadhi ya bahari walipokuja kutuambia kwamba mti wetu wa wazazi, ule mfupi wenye majani ya kung'aa ambao mzizi wake huzuia mimba isitoke, unakaribia kutoweka duniani, nilichaguliwa kwenye kamati ya kijiji ya kuulinda. Msitu ulikuwa umefyekwa kupisha minazi na mikorosho, na mikoko ilipokatazwa watu wakageukia fito za msituni. Ukabaki mti mmoja tu tuliokuwa tukiujua. Mimi na mdomo wangu! Niliwasema wakata fito mbele ya watoto wao.

Lakini mkuki kwa nguruwe mtamu. Binti yangu, aliyeolewa Kirongwe, alikuwa ameharibikiwa na mimba mbili. Ya tatu ilipofika miezi minne akaona damu. Hospitali ya Kilindoni walimpa vidonge, wakamwambia alale. Mama mkwe wake akanijia nyumbani, hata maji hakunywa.

"Mkwe wangu, unajua mzizi ulipo. Au mti una thamani kuliko mwanao?"

Ningekataa, ningeitwa muuaji wa mjukuu wangu. Ningekubali, ningekuwa mwizi wa kile nilichoapa kukilinda. Asubuhi nikachukua jembe.

Nilipofukua mashariki nilikuta udongo tifutifu. Mizizi haikuwepo, vilibaki vipande vilivyokatwa, vingine vikavu, vingine bado vibichi. Wenzangu walikuwa wamenitangulia, kila mmoja kachukua mzizi wake mmoja na kufukia vizuri. Adabu yetu ndiyo iliyotuficha sisi kwa sisi. Nikazunguka magharibi, nikaukuta mmoja, mnene kama kidole gumba. Nililia kwa hasira, nikaukata, nikafukia.

Binti yangu alijifungua mtoto wa kike, salama. Kama ni mzizi, au vidonge, au kule kulala, Mungu ndiye ajuaye. Mti ulipukutisha majani, ukafa. Bwana wa hifadhi alipoiuliza kamati sababu, nilijibu mimi, kwa kuwa mimi ndiye niliyekuwa msemaji wao.

"Jua, bwana. Mwaka huu jua limezidi."

Wajumbe wenzangu wanne wakaitikia haraka mno, wote kwa pamoja. Sikumtazama hata mmoja wao usoni.

Miaka miwili baadaye binti yangu alikuja kunitembelea. Alinisalimu, akakaa mkekani, mkono tumboni, anatabasamu.

"Mama, nina miezi miwili. Safari hii nimewahi. Nichimbie ule mzizi kabla sijaanza kuona damu."

Nikamwambia, "Kesho, mwanangu."