Mita Mbili za Waya

Aikande alimjua Remigius siku alipofika bandani kwa fundi huyo amekumbatia spika kama mtu aliyebeba kuku wa mnadani. Miaka hiyo alikuwa na pikapu, akipeleka mashuka ya Kimasai kuuza Loliondo na Kakesio, na redio yake ya kaseti ilikuwa imenyamaza. Remigius, kijana wa kijiji cha Daa aliyefungua banda la ufundi Karatu mjini, alichukua betri ya tochi, akagusisha nyaya kwenye spika. Ikalia, tup.

"Spika nzima hii, dada. Waya ndio umekatika."

Akataja ujira. Aikande akalalamika, akacheka, akatishia kwenda Arusha, mwisho akamlipa shuka. Aliondoka akijua amemshinda. Jumapili alimwona fundi kanisani amejitanda shuka lile, limemkaa vizuri, akaanza kuwa na mashaka.

Redio iliimba miaka kumi na moja. Watu wa Kakesio waliijua pikapu kwa muziki wake kabla ya kuona vumbi. Pikapu ilipouzwa, Aikande aliing'oa redio akaiweka rafuni dukani. Kila mwaka Remigius aliiulizia, na kila mwaka aliambiwa bei yake haijafika. Hakuna mtu mwingine aliyewahi kuitaka.

Siku hizi Aikande, ambaye wengi humwita mama Winnie, ana gari moja la utalii, analikodisha kwa kampuni, na hilo ndilo linalomlisha. Dereva wake, Yohani, huwaeleza wageni kwa kipaza sauti. Sauti hupita kwenye amplifaya na kutokea kwenye spika nne. Msimu huu ikaanza kukatika ndani ya kreta, kule kwenye wanyama. Gari likirudi Karatu, linaongea vizuri kabisa. Mara mbili Remigius alizifungua spika moja moja na kuzigusisha betri, zote tup. Akakaza waya unaoshika bodi ya gari, akabadili fyuzi. Mara mbili likanyamaza tena mbele ya wageni. Kampuni ikamwambia Aikande kwamba likirudia mara ya tatu, watakodi la mwingine.

Asubuhi ya safari iliyofuata Remigius hakushika hata bisibisi. Alimgeukia Yohani.

"Likinyamaza, wageni wamekaa au wamesimama?"

"Wamesimama, wanapiga picha."

"Kwa hiyo paa liko wazi."

"Sasa watasimamaje limefungwa, mzee?"

"Na hapa mjini hulifungui."

"Nijaze vumbi kwenye viti? Mama Winnie ataniua."

Remigius akawasha muziki, akalisukuma paa juu. Chuma cha kulishikilia kilipokaa mahali pake, muziki ukakata na amplifaya ikawasha taa nyekundu. Akavuta mpira wa pembeni. Waya wa spika ya nyuma ulikuwa umechubuka, na kila chuma kilipoubana, shaba yake iligusa bodi ya gari, amplifaya ikajizima.

Aikande, aliyekuwa amesimama pembeni, akauliza ni mjinga gani aliyepitisha waya pale.

"Mimi," alisema Remigius. "Siku ya kufunga spika nilitaka kuupitisha chini ya zulia. Ukasema njia ya juu ni fupi, tunaokoa mita mbili. Tulibishana mpaka saa ya chakula, mama Winnie, ukanishinda."

Aikande alikumbuka. Alikuwa hata amejisifia kwa majirani.

Remigius akasema kuuhamisha ni kazi ya saa moja, ila ujira wake uko rafuni. Kwa mazoea tu Aikande alimpa ofa ya tairi, kisha ya mbuzi. Fundi akawa anafuta mikono taratibu, na wageni walikuwa wanasubiri hotelini.

"Chukua," alisema Aikande.

"Na kaseti zake."

"Na kaseti zake."

Yohani aliongea kreta nzima siku ile, paa wazi, na kampuni ikalichukua gari kwa msimu mzima. Remigius, ambaye macho yake hayazioni tena nyaya nyembamba, amefunga banda na kurudi Daa kulima.

Juzi Aikande alikwenda huko kutafuta maharage. Aliisikia redio ile tangu barabarani, kabla nyumba haijaonekana, akasimamisha gari akakaa kidogo. Kisha akanunua gunia kwa Blandina, mke wa fundi, kwa bei ya kwanza aliyotajiwa. Blandina alidhani anaumwa.