Mwezi Mmoja na Bruno Kule Soy

Siku zetu, na wewe wa rika langu unajua, likizo ilikuwa kupalilia mahindi na kuchunga ndama. Mtu kwenda mahali kulala tu? Hiyo hatukuijua. Mimi nilienda mara moja, nikiwa na miaka tisa, nikarudi nimechoka kuliko nilivyoondoka.

Baba na wenzake walikuwa wameungana kununua shamba la mzungu upande wa Soy. Mzungu alishaenda kwao, ila kura ya kugawana ploti ilikuwa bado. Baba akakitamani kijumba cha wageni, cha mawe, chenye mahali pa kuotea moto. "Aliye ndani hasahauliki," akasema. Basi akatupeleka mimi na cucu, mamake, tukikalie Agosti nzima.

Hakutuambia habari ya mbwa.

Bruno, jibwa la rangi ya chai ya maziwa, aliachwa na mwenyewe. Tulimkuta kitandani. Cucu akamfukuza kwa Kikuyu, kisha kwa Kiswahili. Sikio halikutikisika. Nikajaribu Kiingereza cha shule: "Sitidauni!" Akaketi vizuri, juu ya mto.

"Ngai!" cucu akashika kiuno. "Mzungu ameenda, ametuachia nyapara!"

Usiniulize tulivyoteseka. Mvua ya Agosti ilinyesha kila alasiri, naye alitaka kutoka, kuingia, kutoka tena, akijikung'uta matope kwenye blanketi zetu. Irio, viazi vyetu vya kuponda na mahindi, alinusa akageuza uso. Maziwa yakigeuziwa mgongo, yamekwisha. Mpaka leo nikisikia harufu ya moshi wa mkaratusi, nasikia na ya manyoya mabichi. "Nimelea watoto saba," cucu alilalamika, "hakuna aliyenizungusha hivi!" Akaniamuru nimfundishe yeye Kiingereza cha kumtoa mbwa nje. Wiki ya tatu alikuwa akifoka "Gerauti!" hadi madirisha yanalia, na Bruno akawa hamsikii mwingine ila yeye.

Kura ikapigwa. Kijumba kikamwendea mtu mwingine. Baba akapata ploti ya kinamasi. Trekta lilipokuja kutuchukua, cucu alifunga mizigo yake. Kabla hatujapanda trela, Bruno alikuwa ameshajilaza juu.

"Gerauti!" Hakusogea.

"Gerauti," cucu akarudia, polepole. Halafu akavuta gunia la mahindi kando, mbwa apate nafasi.

Juzi mwanangu na mkewe walikodi kijumba huko Kapseret, wao wawili na kambwa kao kenye sweta. Sweta! Walirudi wakinung'unika eti network ilikuwa mbaya. Nikawauliza, "Sasa mlikuwa mnafanya nini?"

"Kurelax tu, Mum. Kila mtu na simu yake."

Nilitaka kuwagombeza, nikamkumbuka cucu. Sisi hatukupumzika hata siku moja. Lakini katika maisha yangu yote, huo ndio mwezi pekee niliokaa na cucu, sisi wawili tu, na kila alichosema nilikisikia.