Kikapu cha Ghorofa ya Pili

Wote wanaousifia mtaa wetu hulala kwingine. Wanakuja Jumamosi, wanashuka kwenye treni ya chini ya ardhi pale Tooting Broadway, kusini mwa London, wanakula dosa, wanapiga picha mapapai, wanaambiana kwamba hapa ndipo penye uhai, halafu jioni wanarudi kwao kwenye miti na ukimya. Mimi nimekaa hapa miaka ishirini na sita, juu ya maduka, na uhai wao huo naujua vizuri. Huanza saa kumi na moja alfajiri kwa masanduku ya mboga kubwagwa njiani, na ukidhani umekwisha, basi ni muuza simu amezima spika yake dakika mbili akanywe chai.

Madalali wa nyumba wana neno lao. Wanasema mtaa umechangamka. Mbwa mwenye viroboto naye amechangamka.

Nyumba yetu ni vyumba viwili, ghorofa ya pili, bila lifti. Chini yetu, mahali ambapo leo wanauza mishumaa ya manukato, palikuwa na duka la mboga. Kushoto kwake ndiye huyo muuza simu, na kulia pana mkaanga kuku, ambaye moshi wake umeingia katika mapazia yangu na katika koti langu la kazini, na sina shaka umeshaingia katika mapafu. Mbele ya maduka, kwenye njia ya waenda kwa miguu, wahubiri wa dini mbalimbali walishindana kwa vipaza sauti, na waleta chakula wa baiskeli za umeme walikupitia mgongoni bila hata kusema samahani. Ukishuka kununua maziwa, ujiandae kukanyagwa.

Nikisema haya watu huniuliza kwa nini basi sihami. Sihami kwa sababu ya mama. Mama kazaliwa Malindi, mtaa wa Mji Mkongwe wa Unguja, akaja Uingereza mtu mzima, na katika miaka yote hii hakujifunza Kiingereza zaidi ya "sorry", kwa kuwa Tooting haikumlazimisha. Hilo nalikiri, ingawa kukiri jema lolote juu ya mtaa huu kunanikereketa. Daktari wake wa kwanza alikulia Mombasa. Fundi wake wa nguo alikuwa Singasinga wa Kampala aliyejua kushona dera bila kuonyeshwa. Muhogo, bamia, ndizi mbichi, nazi, vyote vilikuwa chini ya dirisha lake, na kila aliyeviuza alikuwa na shangazi aliyewahi kuishi Dar es Salaam.

Kisha magoti yakamkataa. Ngazi zetu ni thelathini na nane, nimezihesabu nikiwa na gunia la mchele begani, na mama alipovuka miaka themanini akawa hashuki ila kwenda hospitali, ameshikwa huku na huku. Niliogopa sana wakati ule. Nilidhani atakaa kitandani autazame ukuta mpaka anyong'onyee. Siku moja nikarudi kazini nikamkuta kiti chake kakiburuta mpaka dirishani, kamba yangu ya kuanikia nguo kaifunga kwenye mikono ya kikapu chake cha ukili, na kikapu kimo njiani kwenda chini.

Kwa watu wa Mji Mkongwe hilo si jambo la kushangaza. Wanawake wa nyumba za juu walikuwa wakishusha vikapu kwa muuza mkate na muuza samaki, wakavuta kamba, na mpita njia asione zaidi ya mkono wenye bangili. Mama alilifanya tangu usichana wake, akaona hakuna sababu ya kuliacha kwa kuwa amebadilisha nchi. Tofauti ni kwamba kule palikuwa kichochoro cha kupita watu wawili. Hapa kikapu kilishuka kando ya barabara kuu ya London, na abiria wa basi la ghorofa walikuwa wanakitazama usawa wa macho.

Mwenye duka la mboga alikuwa Mhindi wa Kisumu, mtu wa miaka sitini na kitu, na Kiswahili chake kilikuwa kile cha kwao. Mama alikicheka mbele yake na yeye hakujali. Duka lenyewe lilikuwa dogo kama stoo, kwa hiyo mali yake yote aliipanga nje, masanduku juu ya masanduku mpaka katikati ya njia, na yeye alisimama hapo kutwa, na kofia yake ya sufu, mvua isinyeshe au inyeshe.

"Mwanangu!" mama anapiga ukelele kutoka juu. "Bamia zipo?"

"Iko, mama, iko! Leta kikapu."

"Usinipe kama za juzi. Zile zilikuwa magogo."

"Ile ya juzi ilikuwa makosa ya lori, mama. Hii nimechagua na mkono yangu."

Pesa zilishuka zimefungwa kwenye ncha ya leso, chenji ikapanda pamoja na kotmiri ya bure. Na hapo ndipo soko lilipoanza, maana bamia zilikuwa kisingizio. Waliulizana hali za magoti. Mke wake aliyekuwa mgonjwa alijadiliwa kwa sauti ya kusikika mpaka kituo cha basi. Akina mama wa Kisomali waliopita walimwamkia mama, naye akawauliza wanapika nini. Mama alikuwa na dunia nzima pale, na aliivuta juu kwa kamba kila asubuhi. Mimi nilijua hivyo. Nataka ieleweke kwamba nilijua.

Lakini nilikuwa naona haya. Mimi binti yake ni mtu wa ofisini. Nimefanya kazi miaka mingi katika ofisi moja ya mjini, kazi ya barua, na Kiingereza changu cha kuandika husifiwa hata na wenye lugha yao. Nikishuka basi, kabla sijavuka barabara, nasikia sauti ya mama yangu ikilalamikia muhogo uliolala. Ng'ambo pakafunguliwa duka la kahawa, wakajaa vijana wenye kompyuta na ndevu zilizochongwa, na hao wakaanza kumpiga picha. Kikapu kikishuka, simu zinainuka. Niliwadharau kwa moyo wangu wote. Wamehama kwa wazazi wao wenye bustani wakaja kulipa kodi ya kutisha ili wapate kusikia harufu ya kuku wangu, na sasa mama yangu ndiye sinema yao.

Siku moja mwenzangu wa kazini, Mwingereza, alifuatana nami kuja kutafuta kitambaa cha mapazia. Tukafika chini ya nyumba yetu wakati ule ule kikapu kinashuka. Mama alikuwa anamgombeza mwenye duka juu ya ndimu, yule naye anaapa kwa miungu yake, na watu wameshasimama kutazama. Mwenzangu akajishika kifua. Akasema ni kitu kizuri kuliko vyote alivyoviona mwaka ule, na kwamba nina bahati ya kuishi mahali penye uhai namna hii. Akaniuliza yule bibi ni nani.

Nikamwambia ni bibi mmoja tu wa hapa.

Nilimpeleka kwenye vitambaa kwa njia ya nyuma. Jioni ile nikaandika barua kwa kaunsili, halmashauri ya mtaa. Niliiandika kwa ustadi, bila hasira, kama ninavyoandika za ofisini: njia ya umma imezibwa, wapita njia wanalazimika kushuka barabarani, hatari ni kubwa hasa kwa wazee. Kwa wazee, niliandika, na mzee wangu yuko chumba cha pili anakata bamia alizozivuta kwa mkono wake. Nikaomba jina langu lisitajwe. Kikapu sikukigusia hata kwa neno moja, na ningeweza leo kujitetea kwamba sikukifikiria. Nilikifikiria. Nilijua masanduku yakiondoka kikapu kitakosa pa kutua, na mama ataacha mwenyewe, bila mimi kukorofishana naye.

Kaunsili hiyo ambayo haijawahi kuja kutazama bomba letu linalovuja ilikuja upesi ajabu. Alikuja bwana mmoja na futi ya kupimia, akachora mstari wa chaki karibu kabisa na mlango wa duka, akasema nje ya hapo kisionekane hata kitunguu. Mhindi wa Kisumu akaingiza masanduku ndani. Hakukubaki pa kusimama mnunuzi. Baridi ilipoanza akafunga na mlango.

Mama aliendelea kushusha kikapu. Kilitua kwenye saruji tupu, watu wakakikwepa. Aliita, na yule aliyekuwa ndani nyuma ya kioo, na redio yake, hakusikia. Mara nyingine alikumbuka, akatoka mbio na kumwomba radhi, akamtilia alichotaka na kurudi ndani kabla wateja hawajajihudumia wenyewe. Mara nyingine mama aliita mpaka sauti ikamkauka, akavuta kamba. Siku moja nilimkuta anatoa kitu kikapuni, akaniuliza ni nini. Kilikuwa kikombe cha karatasi cha kahawa, kitupu, mtu amekitia akipita. Nikamwambia ni takataka. Akasema, "Basi wameniona."

Njia ikawa nyeupe. Nilipita na viatu vyangu vya ofisini bila kukanyaga ganda, na nakiri kwamba siku za mwanzo nilifurahi. Asubuhi nililala mpaka saa kumi na mbili na nusu. Mama akawa anaamka na kukaa kitandani, hataki kuburuta kiti. Alianza kuniuliza leo siku gani. Nikimwambia Alhamisi, baada ya saa moja ananiuliza tena.

Haukupita mwaka, Mhindi wa Kisumu akafunga duka. Alipanda ngazi zetu zote thelathini na nane, na magoti yake mwenyewe mabovu, kuja kumuaga mama. Alileta mfuko wa bamia ndogo ndogo, za kuchagua. Alikuwa anahamia Kenton, upande wa pili wa London, kwa binti yake, alikopewa chumba cha nyuma na televisheni. Mama akamkalisha kwenye kiti cha dirishani, mimi nikaleta chai ya maziwa na kaimati.

"Kwani umewakosea nini watu, mwanangu?" mama alimuuliza. "Watu wamekaa na wewe miaka yote hii."

"Kuna mtu aliandika barua, mama. Yule bwana wa kaunsili alinisomea. Jina hakuniambia." Akatikisa kichwa, na nilichokiona usoni pake kilikuwa karibu na heshima. "Kingereza safi sana. Makosa hata moja hapana iko. Hii si mtu wa hivi hivi. Ni mtu amesoma."

"Ni hao wa kahawa," nikasema haraka. "Hao ndio hawataki kuona mtu wa asili hapa."

"Hapana, dada. Hao ndio walinitetea. Walizunguka na karatasi, watu wakatia sahihi, niachwe na masanduku yangu. Yule mwenye ndevu nyekundu alikwenda mpaka ofisini kwao kuniombea." Akanywa chai. "Haikusaidia. Lakini walikwenda."

Karatasi hiyo niliwahi kuiona. Kijana mmoja alininyooshea pale kituo cha basi, nikampita bila kumtazama.

Mgeni wetu alipokwisha kunywa alimwinamia mama, mama akamwekea mkono kichwani, juu ya ile kofia ya sufu, akamwombea safari njema, kana kwamba Kenton iko ng'ambo ya bahari. Kwa mama ilikuwa hivyo hasa. Hakuna hata mmoja wetu aliyesema watatembeleana. Mhindi wa Kisumu aliteremka polepole, na mama akasikiliza viatu vyake mpaka mlango wa chini ulipofungwa.

Nikaanza kukusanya vikombe. Mama akaniomba nimgeuzie kiti kielekee kibla. Nikamgeuzia. Akavuta mtandio wake mbele, akainua mikono, na sauti yake, ambayo kwa miezi ilikuwa ya chini, ikatoka kama ile aliyokuwa akiitia bamia.

"Ya Rabbi, aliyeandika barua ile mimi simjui, Wewe unamjua. Sikuombi umuue, wala umfilisi. Mpe umri mrefu. Mpe uzee kama huu wangu, na ngazi kama hizi, na dirisha kama hili. Na hicho kimya alichokitaka mpe, Mola wangu, mpe mpaka akinai."

Kwetu mzazi akiomba, aliyemo chumbani huitikia. Nilibaki nimesimama na vikombe. Mama hakushusha mikono. Alinigeuzia uso, hana shaka nami hata chembe, akaona tu kwamba nimechelewa.

"Itikia, mwanangu."

Nikaviweka vikombe chini, nikainua mikono, nikasema amin.