Hadi Magotini

Kwa miaka kumi na tisa alikuwa ameyaosha maji ambayo hajawahi kuyaoga. Watu wa bwawa la kuogelea walimwita Bwana Maji, jina likamkaa, hata mkewe akalizoea. Maji yale aliyajua kama mgonjwa wa siku nyingi: yalipoharibika aliona kabla ya kupima, na pampu ilipokohoa aliisikia akiwa bado getini. Lakini hakuwahi kuingia zaidi ya magoti. Hakujua kuogelea, wala hakuna aliyewahi kumwuliza. Nani humwuliza kinyozi kichwa chake hunyolewa na nani?

Jumatatu bwawa hufungwa kwa usafi, na mchana wake wafanyakazi huruhusiwa kuleta watu wao. Jumatatu hii naye alikuwa na mtu wa kumleta: binti wa miezi minane, aliyezaliwa mama yake akiwa na miaka arobaini na minne, wakati kaka zake wawili wameshahama na kitanda chao cha utotoni kimeshagawiwa kwa jirani. Walimwita Kitinda. Miguu yake ilikaza kama vijiti. Ukimshika kumsimamisha, alisimamia ncha za vidole tu, kisha akachoka na kulia. Mtaalamu wa viungo hospitalini alisema kunyoosha pekee hakutoshi.

"Mwingizeni kwenye maji yaliyopata jua," aliwaambia. "Kila wiki. Mmoja wenu amshike. Na msichelewe."

Bwana Maji aliondoka na maneno mawili tu kichwani: mmoja wenu.

Asubuhi ile alitangulia kazini. Akaondoa majani kwa wavu wa mpini mrefu, akasafisha chujio, akasugua ngazi. Kisha ikaja zamu ya dawa. Kipimo cha Jumatatu ni makopo manne. Akamwaga manne, akasimama. Akawafikiria watoto wa shule walioingia humo juzi na kamasi zao na vidonda vyao, na mambo mengine wanayoyafanya majini ambayo yeye huyajua na kuyanyamazia. Akaifikiria ngozi ya binti yake, nyembamba kama utando wa ndani ya yai. Akaongeza makopo mawili. Halafu mawili tena, kama mtu anayemwongezea mgeni sukari kwenye chai bila kumwuliza.

Mkewe alifika saa tatu, mtoto mgongoni, akitoka kwenye zamu ya usiku. Alikuwa dobi wa hospitali. Mtoto alikuwa amempitia kwa jirani aliyemlaza usiku ule.

"Shemeji, leo ndiyo leo," mlinzi alimwambia getini. "Maji ukiyavulia nguo, si unajua?"

"Nguo nimezifua usiku kucha," alijibu. "Sina nguvu ya kuvua hata moja."

Alifika ukingoni mwa bwawa, akasimama, akavuta pumzi kwa pua.

"Umeweka nini humu?"

"Dawa."

"Kiasi gani?"

Mume akageukia pampu.

"Bwana Maji, nakuuliza. Harufu hii naijua, shuka za wodini tunaziloweka kwenye dawa hii ndipo damu itoke. Hili si bwawa, hili ni karai langu la kazini."

Mume akachota maji kwenye kichupa, akadondosha matone ya kupimia. Rangi inayotakiwa ni njano hafifu, ya maji ya limau. Hii ilikuwa ya chungwa lililoiva.

"Nilitaka yawe safi," alisema.

"Yamekuwa safi mpaka hayaingiliki."

Hakukasirika. Hilo ndilo lililomuumiza mumewe. Aliona kwamba hata hasira inahitaji nguvu, na mkewe hakuwa nayo.

"Jua litaipunguza," alisema. "Nitatoa maji kidogo, niweke mapya. Saa nane hivi yatafaa."

"Basi tungoje. Leo nipo. Kuanzia kesho nimepangwa mchana, mwezi mzima. Jumatatu zote hizo utamwingiza wewe."

Mume alichezea mpini wa wavu. Hakukuwa na jani hata moja majini.

"Mimi sijui kuogelea," alisema.

"Najua."

"Nani kakwambia?"

"Miaka kumi na tisa unarudi na suruali imelowa mpaka magotini. Haijapita hapo hata siku moja." Alikuwa akitandika mkeka kivulini, akamlaza Kitinda. "Mimi ni dobi, mume wangu."

Kisha akajinyoosha kwenye benchi kando ya mtoto, akajifunika mtandio usoni. "Rangi ikikaa sawa, uniamshe."

Akalala kabla hajajibiwa.

Bwana Maji alitoa maji, akaingiza mapya, akapima. Chungwa. Akapima tena baada ya nusu saa. Chungwa. Jua lilipanda juu ya sakafu ya saruji, na yeye akazunguka bwawa kama mtu anayezunguka nyumba asiyotaka kubisha hodi. Makopo manane. Alijiambia ni upendo, na ulikuwa upendo. Lakini mkono una akili zake. Huenda mkono ulijua kwamba maji yakiwa makali, hakuna atakayeambiwa aingie.

Saa nane na nusu, kichupa kilikuwa na njano ya limau.

Kitinda alikuwa macho, ananyonya ngumi na kumtazama. Baba akamtazama mama. Mtandio ulikuwa umeteleza; mdomo wazi, mikono kifuani, vidole vimechunwa na sabuni kama vya mtu mzee kuliko yeye. Akainama amguse bega. Akauona usingizi ule, akaurudisha mkono.

Akamvua mtoto, akakunja suruali hadi magotini kama kila siku, ndipo akaona upuuzi wake.

Alishuka na mtoto kifuani. Ngazi zile alizijua ufa kwa ufa. Ya kwanza, ya pili, magoti. Pale alisimama kwa muda mrefu. Ya tatu, maji yakapanda mapajani kama mtu anayemjua. Ya nne, kiunoni. Miguu yake ikatafuta sakafu na kuikuta mahali pake, vigae alivyovisugua kwa miaka yote hiyo, lakini moyo haukuamini. Akamshusha Kitinda taratibu, akimshika kwapani.

Mtoto alishtuka, akavuta pumzi, akakunja uso kulia, akasahau. Miguu ilibaki imenyooka ndani ya maji, vidole vimechongoka. Ikabaki hivyo. Baba akamsogeza mbele, akamrudisha nyuma, kama alivyoonyeshwa. Mbele, nyuma. Mikono ilianza kumwuma. Kisha goti la kushoto likalegea kidogo. Au maji ndiyo yaliyolisukuma, asingeweza kuapa.

"Yamefika wapi?" Sauti ilitoka benchini. Mkewe hakuwa amefumbua macho.

"Kiunoni."

"Suruali hiyo utaifua mwenyewe."

"Nitaifua."

Mkewe akarudi usingizini. Bwana Maji akabaki pale, akimpeleka binti yake mbele na kumrudisha, akilichungulia lile goti.