Sebene Ambayo Hatukuipiga

Mlangoni mwa ukumbi wa shule yangu ya zamani, kule Quakers Hill, Australia, siku hizi huwekwa kikapu cha pini. Nilikiona mwezi uliopita nilipokwenda kumsikiliza binti wa kaka yangu akipiga gitaa, nikasimama pale nikicheka peke yangu mpaka waliokuwa nyuma yangu wakaanza kukohoa. Wewe hujui kisa cha pini hizo, kwa hiyo kaa kitako nikusimulie.

Tulitoka Uvira, Kongo, tukapitia kambini, tukafikia nyumba ya kupanga karibu na reli. Ilikuwa na gereji isiyo na gari, na gereji hiyo ndiyo iliyonilea. Baba mdogo akirudi kutoka ghala alikofanya kazi hakuvua hata kizibao chake cha kung'aa. Alichomeka gitaa kwenye spika, akaketi juu ya ndoo, akaniita. Mlango wa pembeni ulitazamana na jikoni, basi masomo yangu yote ya muziki yana harufu ya sombe, kisamvu cha kwetu, na samaki wakavu. Treni zilipita, kasuku weupe wakapiga kelele juu ya nyaya za umeme, na Koko, ndivyo tulivyomwita mama mzaa baba, alikaanga mandazi huku akitusahihisha kwa mwiko. Akigonga sufuria, ujue umekosea.

Sisi watoto tulikielewa Kiswahili chake chote, tukamjibu kwa Kiingereza. Hakukasirika. "Kinywa iko ya Australia," alisema, "lakini miguu ingali ya kwetu." Mimi sikuwa na hakika hata ya miguu. Shuleni kila mara mtu aliniuliza kwetu ni wapi, na nikijibu ni hapo tu, nyuma ya stesheni, alicheka akauliza tena.

Kabla sijaendelea, kuna jambo lazima ulijue. Katika muziki wa Kikongo kwanza huja maneno, taratibu, watu wameketi wakimsikiliza mtu anayelalamikia mapenzi. Halafu mwimbaji hunyamaza, magitaa yanashika kasi, na kila mwenye kiuno anainuka. Hiyo ndiyo sebene. Hapo ndipo watu hutunza: unacheza mpaka mbele, unambandika mpiga gitaa noti kwenye paji la uso lenye jasho, unarudi kitini ukicheza.

Nilikuwa na miaka kumi na minne mwalimu wa muziki alipotangaza kwamba bendi ya shule itachaguliwa kwenye tamasha la Jumamosi. Niliitaka nafasi ile kuliko kitu chochote. Nilidhani nikiwa kwenye bendi hakuna atakayeniuliza tena natoka wapi. Nikaunda kikundi na msichana wa Kifilipino kwenye besi na kijana wa Kipunjabi kwenye ngoma, ambao gerejini kwetu walivutwa kwanza na mandazi. Mwalimu alikuwa mtu mwema, lakini tulipomfanyia mazoezi na kufika kwenye sebene, alitazama saa. Alisema maneno yakiisha wimbo umekwisha, kinachobaki ni kurudiarudia tu, tukate hapo. Tukakata.

Koko aliposikia aliweka mwiko chini. "Huyu mwalimu anaalika watu, halafu anafungia chakula jikoni," alisema. Baba mdogo akasema mwalimu ni mwalimu, nimtii.

Jumamosi alasiri ukumbi ulijaa vilemba, mitandio, maua masikioni na watoto waliolala mabegani. Koko aliketi katikati na kitenge chake cha sikukuu, pembeni yake jirani yetu, nesi wa Kikenya. Nilipiga bila kosa hata moja. Maneno yakaisha, tukanyamazisha vyombo kama tulivyofundishwa, watu wakapiga makofi ya adabu.

Koko alikuwa amekwisha inuka. Kwake yeye ndiyo kwanza wimbo unaanza. Alikuja kati ya viti akicheza, mabega na kiuno, taratibu, mle ukumbini mwenye kimya, akicheza sebene ambayo hatukuipiga. Nilitamani ardhi inimeze. "Koko, please, go sit down," nilinong'ona. Akapanda jukwaani, akanibandika noti ya dola tano usoni. Sasa noti za Australia ni za plastiki. Ikateleza, ikaanguka. Akaiokota, akailamba, akabandika tena. Ikaanguka tena. Watu wakacheka, machozi yakanilengalenga. Mwishowe akaichomeka katikati ya nyuzi, juu kwenye kichwa cha gitaa, akasema kwa sauti yake ya jikoni, "Sasa piga. Batu bangali na njaa."

Nikamtazama mwalimu. Nikaiaga nafasi yangu kwenye bendi. Kisha nikapiga.

Ngoma ikaingia, besi ikafuata. Mandazi hayakuwa yamekwenda bure. Halafu mama mmoja wa Kitonga akasimama mstari wa mbele, noti mkononi, akaja akicheza. Kwao nako mchezaji hutunzwa vivyo hivyo, tena hupakwa mafuta ili noti zishike. Babu wa mpiga ngoma akazungusha noti juu ya kichwa cha mjukuu wake kumkinga na husuda. Mama wa Kifilipino hakuhangaika na plastiki: alitoa pini mkobani, akambana binti yake noti begani kama wafanyavyo kwao arusini, kisha akawagawia pini wote waliokuja. Nilikuwa nimesoma na watoto wa watu hawa miaka yote nikidhani ni nyumbani kwetu tu kwenye mambo ya ajabu. Mwalimu alipiga makofi nje ya mdundo, uso mwekundu, na safari hii hakutazama saa.

Tulipoteremka, yule nesi alinishika mikono yote miwili. "Umeona? Mcheza kwao hutunzwa," alisema. "Hiyo story ya kwenu ni wapi, wakikuuliza tena waambie si walikuwa hapa wakaona."

Nafasi niliipata. Jumatatu baada ya masomo mwalimu alikuja gerejini, akaketi juu ya ndoo ya baba mdogo, akafundishwa sebene kwa mwiko kama sisi wengine. Leo nafundisha muziki Parramatta, na sijawahi kumkatia mtoto wimbo.

Gereji haipo tena. Nyumba ilibomolewa, pamesimama mbili za ghorofa zinazofanana kama mapacha. Baba mdogo amehamia Campbelltown na vidole vyake vimekakamaa. Koko tulimzika. Sufuria yake ninayo, ingawa sombe yangu haifikii yake, na mara nyingine napiga kosa kwa makusudi, nikisubiri kusikia mwiko. Namkumbuka mpaka inauma.

Basi mwezi uliopita, pale mlangoni, nilijifanya sijui, nikamwuliza msichana wa Kinepali aliyeshika kikapu pini ni za nini. Alinitazama kama mtu aliyeteremka kwenye ndege asubuhi ile. Akanieleza kwa subira kuwa noti hazishiki usoni, lazima zibanwe. Nikamwuliza desturi hiyo aliileta nani. Akainua mabega.

"Nobody. It's just how we do it here."

Nikachukua pini mbili, yangu na ya Koko, nikaingia.