Aliyemkinga Ras kwa Shuka

Wubit alikuwa akimimina uji wa tefu, nafaka ya mkate wao, kikaangoni pale Dinke, jirani yake muuza vitunguu, alipoingia bila hodi.

"Dada, ipua. Asrat wako ameuawa ikulu."

Wubit aliendelea kumimina mpaka uji ukamwagikia motoni. Si asubuhi hii tu mdogo wake alikuwa hapa, akilalamika kwamba mkate wake mgumu kama ngozi ya ngao?

Asrat alikuwa na kazi moja mjini Gondar. Ras, mkuu aliyeshika hatamu za ufalme tangu Mfalme akiwa mtoto, alipokunywa, Asrat alimwinulia shuka kumkinga na jicho la hasidi. Hata nyumbani alimfanyia dada yake hivyo, kwa mzaha.

"Kunywa, bibi mkubwa! Dinke asikuone."

"Nionee nini wivu, hicho kikombe kilichopasuka?" Dinke alikuwa akimjibu.

Leo Dinke hakuwa na mzaha, akasimulia yote aliyosikia. Mfalme, sasa kijana, alichoka kutumwa kama mtoto. Akapatana kwa siri na walinzi wamngojee Ras anywe, maana nyuma ya shuka haoni mtu. Asrat alikuwa amewapa mgongo, kama kawaida ya kazi yake. Mkuki ulimpenya yeye kwanza, kisha shuka, kisha Ras.

"Hata hakugeuka," Dinke alisema. "Alianguka mikono ikiwa bado juu."

"Mungu wangu! Alimkosea nani?"

Watu wa Ras walidai Asrat alikula njama na wauaji. Ikulu nayo ilisema alimkinga msaliti. Hakuna aliyekubali kubeba maiti. Wubit akaenda kanisani, akapiga magoti mbele ya kasisi, Abba Gelaw.

"Abba, mdogo wangu asizikwe kama mbwa. Alifunga, aliungama. Wewe mwenyewe unamjua."

"Mfalme amekataza Ras asiombewe wala asililiwe." Kasisi akaushika msalaba wake. "Lakini Asrat, Mfalme hakumtaja. Mlete."

Dinke na wanawe walimbeba kutoka ikulu, shuka lake likiwa bado juu yake. Abba alisoma sala zote, hakuruka hata moja. Walipoanza kufukia, Wubit alilikunjua lile shuka, lenye damu na tundu la mkuki, akaliinua kwa mikono miwili mbele ya kaburi. Mikono ilipochoka, Dinke alimshika kiwiko. Udongo ulipojaa alilishusha, akalikunja, wakarudi nyumbani.